Mahindi ya Kitale Katika Tumbo la Nzoia

Waumini wa Kitale na Saboti, wa Kanduyi na Mabanga. Wazee wetu, mama zetu, na vijana mliobeba magunia kwa mabega yenu: mmeniita nieleze mahindi yenu yalikwenda wapi. Mliyatoa kwa harambee, gunia baada ya gunia, katika mwaka ambao mvua ilikataa kuondoka mashambani. Mna haki ya kuuliza. Ningeweza kuwaandalia hotuba. Nimechagua kuwasomea shajara niliyoiandika safarini, kwa maana nilipoyaandika haya sikujua kama tungefika, na asiyeujua mwisho hana namna ya kuupamba mwanzo.

Ijumaa, 19 Oktoba 1990. Kitale.

Mvua tangu adhuhuri. Magunia yanaendelea kuletwa ghalani kwa matrekta, kwa mikokoteni, na kwa migongo ya punda. Kamati ya makanisa imeniomba nisimamie upakiaji nikiwa likizoni, kwa kuwa mimi, Eliakim Khaemba, ndiye afisa wa kwanza wa meli itakayoyabeba. Meli yenyewe ni Nzoia, iliyokuwa ya jeshi la majini kabla ya kugeuzwa kuwa ya mizigo. Wengi wetu tunaoiendesha tulitoka humo humo jeshini. Tutakwenda bandari moja ya kaskazini iliyozingirwa na vita, ambako watu wanachemsha majani.

Mama mmoja wa Saboti alishusha gunia lake, akanitazama viatu.

“Wewe ndiye wa meli?”

“Ndiye, mama.”

“Na unajua kuogelea?”

“Najua kidogo.”

“Basi mahindi yangu isijifunze,” akasema, akamgeuza punda wake.

Jumatatu, 22 Oktoba. Bungoma.

Mabehewa yamejaa. Mke wangu Rispah alikuja stesheni kutoka Kanduyi na chupa ya chai. Hakusema neno juu ya vita. Alisema paa la jikoni linavuja.

Jumanne, 23 Oktoba.

Mvua.

Jumatano, 7 Novemba. Mombasa.

Tumeng’oa nanga. Ngama zote tatu, yaani matumbo ya meli yanayohifadhi shehena, zimejaa mahindi. Nahodha wetu ni Kagwe, mtu wa maneno machache na uso usiofunguka. Sijapata kumpenda. Fundi mkuu wa mitambo ni Kemboi wa Saboti, ambaye hulalamika hata mitambo inapokwenda vizuri. Serahangi, kiongozi wa mabaharia, ni Kiptanui, mwenye sauti ya kwaya na mikono kama sepetu. Msimamizi wa msaada ni muuguzi, Sista Jepkoech, aliyepanda na dawa, mizani, na rundo la nyungo za kupepetea.

“Sista, nyungo za nini baharini?” Kiptanui alimuuliza.

“Nafaka ya msaada ikifika na mawe ndani, watu wanatukana nani? Si mimi?”

Alhamisi, 8 Novemba.

Nahodha ametufanyisha zoezi la kufunga milango ya chuma na kuvuta mipira ya pampu. Mara tatu. Mabaharia wamenuna.

Ijumaa, 9 Novemba.

Zoezi.

Jumapili, 11 Novemba.

Ibada fupi sitahani, kisha zoezi. Kemboi: “Huyu mzee anadhani bado tuko jeshi. Ati Jumapili, bana.” Nami nilicheka pamoja naye.

Jumatano, 14 Novemba.

Zoezi. Safari hii nahodha alituziba macho kwa vitambaa, tuipate milango kwa kupapasa. Bahari imetulia. Tunaingia maji ya vita.

Alhamisi, 15 Novemba. Baharini.

Naandika nikiwa juu ya sanduku la kamba, kwani kiti changu kimevunjika.

Asubuhi, tulipokuwa tukimaliza uji, omo, yaani kichwa cha Nzoia, ilinyanyuka kama punda anayeinuka kwa miguu ya mbele, kisha ikatua kwa kishindo. Tuligonga bomu lililotegwa majini. Aliyelitega hatumjui, wala yeye hatujui sisi. Taa zilizimika kote. Moshi ulijaa ushorobani. Hapo, kabla amri yoyote haijatoka, nilisikia milango ya chuma ikifungwa mmoja baada ya mwingine, kutoka omo hadi tezi, nyuma kabisa, katika giza. Wale wale walionuna jana walikuwa wakiipata kwa kupapasa. Kwa kuwa ile milango ilifungwa, sote tumo hai jioni hii.

Tundu liko ubavu wa kulia, ngama ya kwanza, chini ya maji. Ng’ombe angepita bila kuinama. Omo ilizama hata vijiwimbi vikawa vinalamba sitaha. Kemboi alizirudisha taa, akawasha pampu zote. Zikavuta vizuri kitambo, kisha zikaanza kukohoa, kisha moja ikanyamaza. Kemboi akapanda ngazi, amelowa hadi kifuani, na ngumi imefumbwa. Aliifumbua mbele ya nahodha. Ilikuwa imejaa mahindi.

“Kapteni, huku chini si maji tunavuta. Ni githeri. Inakosa maharagwe tu.”

Magunia yalikuwa yamepasuka, na punje zimekaba midomo ya mipira. Sista Jepkoech alisikia, akashuka bila kuaga, akarudi amekumbatia nyungo zake. Tulifunga ungo na kipande cha gunia kwenye kila mdomo wa mpira, na kando ya kila mmoja tukaweka mtu ndani ya maji, kazi yake kuondoa punje kwa kiganja zinapokusanyika. Walibadilishana kwa zamu. Maji ni ya chumvi na mafuta, na waliotoka humo walitetemeka kama wenye homa. Hakuna aliyengoja kuitwa mara mbili.

Kufikia alasiri maji yaliacha kupanda. Sikuamini. Niliteremka na tochi kwenye ngama ya kwanza kadiri ilivyowezekana, na hapo nikaona jambo ambalo sisi wote tuliokulia kando ya maghala tungepaswa kulitarajia. Mahindi yalikuwa yamekunywa maji na kuvimba. Magunia yaliyokuwa jirani ya tundu yalisukumwa na yaliyo nyuma yake, yakajikaza ndani ya lile pengo hata bahari ikawa inapenya kwa vijito tu. Kitu kilichokuwa kikiizuia bahari kilikuwa sadaka yenu.

Jioni redio ilitupata. Meli ya kivita iliyo mbali nasi haiwezi kuja. Ilitushauri tuingie mashuani tuiache Nzoia. Nahodha alitukusanya. Alisoma ujumbe wote, kisha akasema mashua ziko tayari, kwamba atakayeondoka ataondoka kwa ruhusa yake na kwa heshima yake, na kwamba yeye anabaki kwa sababu bandarini wanangojwa watu wenye chakula.

Kemboi ndiye aliyejibu.

“Kapteni, nusu yetu hapa ni watu wa mlima. Hatujui kuogelea. Hii meli ndiyo kuogelea yetu.”

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawa ndicho kura. Nilimtazama nahodha. Uso haukufunguka, ila alikunja ule ujumbe kwa uangalifu, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto.

Ijumaa, 16 Novemba.

Kinachotuokoa sasa kinataka kutuua. Mahindi ya ngama ya kwanza bado yanavimba. Yamelikaza tundu, lakini pia yanausukuma ukuta wa chuma unaoitenganisha ngama hiyo na ya pili. Leo asubuhi ukuta umefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ukipasuka, maji yatapata ngama ya pili, na hapo hakuna pampu wala sala.

Tumeuegemeza kwa mbao zote tulizo nazo, hata meza ya chumba cha kulia. Nahodha ameamuru tabaka za juu za mahindi zitolewe ili ukuta upumue, zile za kwenye tundu ziachwe kabisa, na kila kinachotolewa kitupwe baharini.

Kiptanui alivua kofia.

“Kapteni, kutoa tutatoa. Lakini kutupa? Hii ni chakula ya watu. Kwetu mahindi ikinyeshewa tunaanika barabarani, inakauka, inaliwa. Tuachie tu sitaha.”

Sista Jepkoech alimuunga mkono. Nami nilimuunga. Nahodha alitutazama mmoja mmoja. Bahari ilikuwa shwari. “Mpaka hali ya hewa ibadilike,” akasema.

Tulifanya kazi hadi jua likazama. Kiptanui alianzisha wimbo wa kupura mahindi, ule wa kupokezana, na magunia yakapanda kwa mikono, mtu hadi mtu, kama yanavyopanda ghalani kwetu siku ya kusaidiana.

Jumamosi, 17 Novemba.

Ukuta haujafura zaidi. Sitaha nzima ni nyeupe, mahindi yametandazwa juu ya turubai kutoka omo hadi tezi. Ukifumba macho kidogo unaona barabara ya Saboti mwezi wa Desemba. Kuku tu ndio waliokosekana. Watu wanayageuza kwa miguu wakipita, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Tunaogopa, na bado tunajivuna.

Kemboi hapendi. “Afisa, unasikia vile inatembea? Inatembea kama mlevi anajifanya hajalewa.” Nilidhani ni malalamiko yake ya kawaida.

Jumapili, 18 Novemba.

Upepo uliamka kabla ya jua.

Nilikuwa kwenye usukani nikinywa chai. Nzoia ililalia ubavu wa kulia kwa wimbi la kawaida, na chai ikapanda ukingo wa kikombe. Nikangoja irudi. Ikakaa pale. Ilirudi polepole mno, ikalalia upande wa pili, ikakaa tena, kana kwamba inafikiri kama kurudi kuna faida. Kila afisa wa bahari amefundishwa maana ya jambo hilo. Meli iliyolemewa juu haisimami tena kwa haraka, na siku moja haisimami kabisa. Tulikuwa tumeuhamisha uzito kutoka tumboni, tukauweka kichwani. Na uzito wenyewe ni wa mahindi yaliyoshiba maji. Mabaharia wa pwani yoyote wangeyatupa siku ya kwanza. Sisi, watoto wa wakulima, tuliyaanika.

Nahodha alikuwa tayari mlangoni. “Bwana Khaemba, sitaha iwe tupu kabla upepo haujakaza.”

Tulikusanyika na sepetu mikononi. Hakuna aliyeanza. Nimewahi kuona watu wakisita mbele ya hatari, lakini huku kulikuwa kusita kwa aina nyingine. Walikuwa wametumbukia maji ya mafuta bila kuulizwa. Sasa walisimama mbele ya rundo la mahindi kama walioambiwa wapige mzazi. Niliwaeleza habari ya uzito. Walielewa. Kiptanui aliegemeza sepetu yake ukutani.

“Afisa, nimekusikia, na najua ni ukweli. Lakini baba yangu alinichapa mara moja tu katika maisha yake. Nilimwaga mahindi mtoni nikicheza. Sasa niambie mkono wangu ufanye hiyo kitu.”

Meli ililala tena, ikakaa. Mahindi yakateleza kidogo juu ya turubai, kwa sauti kama ya mvua ya mbali.

Sista Jepkoech alipita katikati yetu. Amefunga leso kiunoni, amevaa gumbuti za mpishi zilizomzidi.

“Kiptanui, hii mahindi ni ya nani?”

“Ya watu wenye njaa, Sista.”

“Na hapa melini, nani amesimama mahali pao?”

“Ni wewe.”

“Basi sikiza. Hiyo ngama ya pili na ya tatu ni kavu. Watu wa ile bandari hawatakula meli imezama. Mimi ndio mwenye mali, na mimi ndio natupa. Kukiwa na dhambi, andikeni yangu.”

Alipiga magoti, akakumba kwa mikono miwili, akasukuma. Mahindi yakapita chini ya vyuma vya ukingoni, yakamwagika baharini. Uso wake ulilowa, na upepo ulikuwa bado haujaanza kurusha maji.

Nahodha Kagwe alivua kofia yake ya unahodha, akaiweka kando, akachukua ile sepetu ya Kiptanui. Alisukuma mara moja, mara mbili, kwa namna ya mtu ambaye hajashika sepetu siku nyingi. Kiptanui hakuvumilia kuona. “Lete hapa, Kapteni, utajikata mguu,” akasema, akamnyang’anya kwa adabu. Kisha akaanzisha wimbo. Hakuuchagua ule wa kupura. Aliuchagua wa kumsindikiza marehemu, polepole, nasi tukasukuma kwa kuufuata.

Upepo ulikaza tukiwa nusu. Mawimbi yalipanda sitahani, wakati mwingine yakibeba mahindi kabla hatujayafikia. Wimbi moja lilimwangusha Kiptanui likamvuta hadi ukingoni. Kemboi, aliyekuwa amepanda kuomba watu wa pampu, alijitupa juu ya miguu yake. Walilala pale wameshikana hadi maji yalipopita.

“Fundi, kwani umeacha mashine peke yake?” Kiptanui alimuuliza.

“Na wewe umeacha kuimba. Endelea, bana, huko chini tunafuata mdundo wako.”

Ndivyo nilivyojua kwamba sauti ya sitahani ilikuwa ikipenya hadi chumba cha mitambo, na kwamba watu waliosimama ndani ya maji walikuwa wakifagia punje kwenye nyungo kwa kuufuata wimbo ule.

Sitaha ilipokuwa tupu, nilirudi kwenye usukani na kikombe kipya cha chai. Nzoia ililala, kisha ikasimama kwa ghafla, kwa hasira kidogo, kama mama aliyeamshwa. Sijawahi kufurahi hivyo kumwagikiwa na chai.

Nimewaza usiku huu juu ya wenzangu. Kemboi, niliyemwita mlalamishi, alikuwa akituambia kweli kila siku, nasi tukachoshwa na sauti badala ya kusikiliza neno. Nahodha, niliyemwona jiwe, aliipenda meli hii kwa njia pekee aliyoijua, ya kutuandaa kuiokoa. Kuwa chini ya mtu huyo ni fahari.

Jumatatu, 19 Novemba.

Upepo umelegea. Ukuta umesimama. Pampu hazijanyamaza.

Jumanne, 20 Novemba. Bandarini.

Tumeingia kwa mwendo wa mtu mgonjwa, omo chini, tezi juu. Watu walijaa gatini. Afisa wa bandari alipanda, akatazama, akashika kichwa. Meli hii, alisema kupitia mkalimani, itazama hapa na kuziba gati letu la pekee; wafanyakazi washuke leo, ivutwe nje.

“Mwambie,” nahodha akamjibu mkalimani, “tutashuka gunia la mwisho likishashuka.”

“Na ikizama kabla?”

Nahodha alinitazama, nami nikamtazama Kemboi.

“Haizami,” Kemboi alisema. “Iko na kazi.”

Jumatano, 21 Novemba.

Kupakua. Pampu. Zamu.

Alhamisi, 22 Novemba.

Kupakua. Makombora yalianguka ng’ambo ya mji. Wapakuzi hawakuacha, nasi hatukuacha. Kadiri ngama za nyuma zilivyokuwa nyepesi ndivyo omo ilivyozidi kuinama, na watu wa pampu wanafanya kazi maji yakiwa kifuani.

Ijumaa, 23 Novemba.

Gunia la mwisho la ngama ya tatu lilishuka saa za asubuhi, limebebwa na wanawake wawili waliokataa kusaidiwa. Sista Jepkoech alishuka pamoja nao, akaenda kuwapimia watu mahindi.

Tagi, meli ndogo ya kuvuta nyingine, iliivuta Nzoia hadi penye mchanga, mbali na njia ya meli. Tulisimama sote sitahani, tumevaa mashati safi, hakuna aliyetuamuru. Nahodha alichukua bomba la kuitia chumba cha mitambo. Kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, akasema, “Bwana Kemboi, asante. Zima.”

Pampu zikanyamaza. Tulikuwa tumezoea sauti ile hata ukimya ukaumiza masikio. Nzoia ilishuka taratibu, ikagusa mchanga, ikatulia ikiwa imesimama wima.

Hapo ndipo shajara yangu ya safari inapokoma, ndugu zangu, na jibu langu kwenu ni hili. Mahindi ya ngama ya pili na ya tatu yameliwa na wale mliowatolea. Sehemu ya ngama ya kwanza tuliitupa kwa mikono yetu, kwa wimbo, na sitaomba radhi kwa niaba ya watu walioifanya kazi hiyo wakilia. Yaliyobaki ni yale yaliyojikaza katika tundu. Tuliposhuka, nahodha aliulizwa kama yaondolewe. Akasema hapana. Hayo tuliyaacha kazini.